Upasuaji Nimeuona, kwa Nyuma

Kama wangetutungia mtihani wa shingo ya daktari bingwa wa upasuaji, ningepata alama zote. Ina mikunjo mitatu. Chini ya kofia, upande wa kushoto, kuna kipele ambacho mafunzo yetu ya vitendo, yaani fildi, yalipoanza kilikuwa kichanga, kikakomaa, kikaiva, kikatumbuka chenyewe bila msaada wa daktari yeyote. Jasho lake huanzia nyuma ya sikio la kulia na kuteremka taratibu hadi kwenye ukosi. Kamba za barakoa hufungwa kwa kitanzi kizuri siku akiwa na furaha, na kwa fundo la kukazia mzigo siku akitoka kwenye kikao cha menejimenti. Hayo yote nimeyashuhudia kwa macho yangu mawili, nikiwa nimesimama saa nzima nzima. Tumbo la mgonjwa, ambalo ndilo lililonitoa chuoni, sikuliona.

Mtaani kwetu habari hizi hawana. Kule inajulikana kwamba mwanafunzi wa udaktari akishafika mwaka wa tatu na kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, basi kazi yake ni kupasua watu. Aliyeanzisha ni mama. Alimwambia mama muuza genge, "Mwanangu siku hizi yuko thieta," na mama muuza genge, ambaye kwake nyanya huuzwa kwa fungu lakini habari hutolewa bure, akaimalizia kazi iliyobaki. Sasa nikikatiza mtaa nasimamishwa. Kuna mjumbe wa nyumba kumi anayetaka nimguse ngiri hapo hapo barazani. Kuna shangazi yangu mwenye rovu, ambaye hunyanyua kidevu kabla sijamaliza kumwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hebu bonyeza hapa, uniambie linataka kisu au halitaki."

"Shangazi, nenda hospitali wakupime."

"Si ndiko unakotoka?"

Ningemweleza nilichokiona huko, lakini rovu la shangazi liko mbele ya shingo, na mimi ujuzi wangu wote ni wa shingo kwa nyuma.

Nianze na mavazi. Thieta huingii na nguo za nyumbani. Unavua, unapewa shati na suruali vya hospitali, kofia, barakoa na gambuti. Vilivyo vizima huondoka na waliowahi, na waliowahi ni wale waliolala zamu hapo hapo. Sisi wengine tunagawana masalia: shati la kuwatosha watu wawili na mtoto, suruali iliyokimbiwa na kamba yake, na gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto. Nilimwuliza sista wa thieta za kulia ziko wapi. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, safari ambayo kwangu mimi haichukui muda, maana Mungu hakunijalia urefu. Akasema, "Mwanangu, umekuja kusoma au umekuja kutembea?"

Kisha ikaja sheria. Mwanafunzi ambaye hajaosha mikono kwa utaratibu wao na kuvaa gauni haruhusiwi kugusa kitu chochote cha kijani. Meza ya vyuma imefunikwa kijani, mgonjwa amefunikwa kijani, madaktari wamevaa kijani. Mikono yako unaiweka kifuani na unaiacha hapo mpaka utakapoambiwa nenda nyumbani. Sheria inataka mikono kifuani, suruali isiyo na kamba inataka mikono kiunoni. Nikaamua kusimama nimetanua mapaja ili suruali isipate njia ya kuteremka, na kwa mkao huo ndivyo nilivyofundishwa upasuaji.

Kijani chenyewe kina sababu yake, msidhani ni ushabiki wa Yanga. Zamani madaktari walifanya kazi hii wakiwa wamevaa nyeupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuiacha, kwa sababu jicho likikaa muda mrefu likitazama damu nyekundu chini ya taa kali huchoka, na likihamia ghafla kwenye kitambaa cheupe huona mabaka ya kijani yasiyokuwepo. Ukiweka kijani au bluu, jicho linapumzika. Ni hekima kubwa. Lakini aliyeibuni alikuwa akimfikiria mtu anayeona damu. Mimi jicho langu halikupata nafasi ya kuchoshwa na nyekundu. Limechoshwa na kijani, na dawa yake sijaambiwa.

Tatizo ni nafasi. Meza ya upasuaji ina pande nne, na zote zina wenyewe. Upande mmoja yuko bingwa, wa pili yuko msaidizi wake, miguuni kuna sista na vyuma vyake, kichwani kuna mtaalamu wa usingizi na mashine zake na redio yake ndogo. Nyuma yao sasa ndipo inapoanzia foleni. Kwanza madaktari wanaosomea ubingwa. Halafu maintani, ambao wamemaliza miaka mitano ya chuo na wako kwenye mwaka wao wa mazoezi, kwa hiyo wana haki ya kutusukuma. Halafu sisi. Halafu wanafunzi wa chuo cha uuguzi, na wa chuo cha tabibu. Ukisimama pale nyuma utadhani uko mlangoni mwa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, tofauti ni kwamba kwenye daladala hata aliyening'inia anafika.

Na kuna wageni. Kila msimu huja wanafunzi wenzetu kutoka Ulaya, wanatumia likizo yao kujifunza hospitali za kwetu. Ni watu wazuri, wana adabu, wanasema "asante sana" hata wakikanyagwa. Wala sina ugomvi nao. Lakini ni warefu, Wallahi, na kila mmoja wao akiingia hupewa nafasi ya mbele kwa heshima ya ugeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akasogea hadi kwenye ndoo ya taka.

Watu huniuliza kama nilizimia. Kila mtu ana hadithi ya mwanafunzi aliyeona damu akaenda chini, na wanataka na yangu. Nawajibu kwamba kuzimia kunahitaji mambo mawili: uone kitu, na pawe na mahali pa kuangukia. Thieta ile hayakuwepo yote mawili.

Kabla ya kisu kuna orodha ya usalama inayosomwa kwa sauti. Hii naiheshimu, na hapa naomba ucheshi ukae pembeni kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008, ina mambo 19, inasomwa mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani. Miji yenyewe ni ya kina London, Toronto, Seattle, New Delhi, na katikati yao imo Ifakara yetu, ile ile ya Kilombero. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu, haina waya wala betri. Nikisikia mtu anasema thieta kuna maneno mengi, namtumia salamu za Ifakara.

Sasa moja ya mambo hayo 19 ni kwamba kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Wakubwa wanajitambulisha vizuri. Bingwa, msaidizi, usingizi, sista. Wakifika kwetu sauti zinapungua. "Mimi ni mwanafunzi." Na kazi yako? "Kuangalia." Siku moja tulikuwa wengi, na neno "kuangalia" lilitamkwa mfululizo mpaka mtaalamu wa usingizi akapunguza redio ili asikie vizuri.

Siku ile ndiyo siku ya mzee wa busha, na nikisema nimejifunza upasuaji, nimejifunza siku hiyo.

Alikuwa mzee wa pwani, mcheshi, aliyelibeba busha lake miaka mingi mpaka watoto wake wakamletea bajaji mlangoni. Ugonjwa wa matende na mabusha pwani tunaufahamu kabla ya kusoma: minyoo midogo mno, mbu ndio wanaoisambaza, na mwisho wake maji yanajikusanya yasipotakiwa. Upasuaji wake hauhitaji nusu kaputi. Unachomwa sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini unakufa ganzi, na kichwa kinabaki macho, kikisikia kila neno. Na cha mzee kilikuwa kinasikia vizuri.

Sista alianza kusoma orodha. "Mzee, unajua leo unafanyiwa upasuaji gani?"

"Wa busha," mzee akajibu. "Kwani nyie hamlioni?"

Zikafuata zile "kuangalia" zetu. Mzee akanyanyua kichwa kidogo.

"Hao wote wamekuja kuliangalia langu?"

"Ni wanafunzi, mzee. Ulitupa ruhusa."

"Waangalie tu. Ila mwenye kufaulu aniletee kanzu ya Idi."

Kazi ikaanza. Mimi nilikuwa kwenye shingo yangu ya kila siku. Baada ya muda bingwa akasema, bila kugeuka, "Dokta, huu utando unaitwaje?" Bingwa akitaka kumwumbua mwanafunzi humwita dokta, na akisema dokta bila kutaja jina, kila mmoja huhamisha macho kwenye saa ya ukutani. Kimya.

"Mnaona lakini?"

"Tunaona, dokta!" Kwaya nzima, sauti zote nne.

"Wewe hapo nyuma. Unaona nini?"

Swali lilimwangukia jirani yangu, kijana mpole, asiye na hili wala lile. Akameza mate. "Naona... upasuaji, dokta."

"Uko wapi huo upasuaji?"

"Mbele, dokta."

Hapo ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa pazia la kijani. "Jamani, mbona mimi naona?"

Sote tukanyamaza. Mzee amelala chali, macho yake yanatazama juu, na juu yake kuna ile taa kubwa ya thieta, mviringo wake wa chuma umesuguliwa mpaka unang'aa. Kwa pale alipolala yeye, taa ile ilikuwa kioo. "Taa yenu hii inaonesha kila kitu," akasema. "Huyo bwana amekwishafungua. Kuna maji ya manjano, yanatoka. Haya, yanatoka hayo! Alhamdulillahi. Tumeishi pamoja siku nyingi, leo tunaagana."

Tukainua vichwa wote kwa mpigo kuitazama taa. Kutoka tuliposimama ilituonesha kofia zetu.

Basi tangu hapo mzee akawa mtangazaji. "Sasa anakata kipande. Hapana, anakigeuza, anakikunja kwa nyuma. Yule wa pili anafuta. Sasa daktari amesimama, sijui anafikiri nini."

"Sifikiri, mzee," bingwa akasema. "Nangoja uzi."

"Haya, kaletewa uzi."

Usiku nilifungua kitabu, nikalinganisha maelezo ya kitabu na ya mzee. Kifuko kinafunguliwa, maji yanatolewa, utando unapunguzwa au unageuzwa na kushonwa kwa nyuma ili maji yasipate pa kukusanyika tena. Yalilingana hatua kwa hatua, na mzee alikuwa na lugha nyepesi zaidi.

Sasa mtauliza, huyu hakuwahi kusogea mbele hata mara moja? Niliwahi. Ulikuja usiku wa dharura, utumbo umejisokota, wageni wamelala, maintani wamezidiwa wodini, bingwa akageuka akaniona. "Wewe, kaoshe mikono." Moyo ulinipiga. Nikasugua kuanzia kucha hadi viwiko, nikainua mikono juu ili maji yashukie kwenye viwiko, nikasukuma mlango kwa mgongo, nikavalishwa gauni. Glavu zilizobaki zilikuwa namba 8, na mkono wangu ni wa 6 na nusu, kwa hiyo kila kidole changu kilikuwa na ghorofa tupu juu yake. Kwa taarifa yenu, glavu za thieta zimetokana na mapenzi. William Halsted, daktari wa Baltimore, mwaka 1889 aliona mikono ya nesi wake, Caroline Hampton, inaharibiwa na dawa za kuulia vijidudu. Akaagiza kampuni ya mpira imtengenezee glavu nyembamba za kumtosha. Mwaka uliofuata wakaoana. Hampton alipimiwa mkono wake. Mimi niliambiwa, "Kunja ngumi, hazitavuka."

Nikapewa ritrakta. Ni chuma kilichopinda mbele, kazi yake kuvuta ukingo wa kidonda ili wenye akili wafanye kazi ndani. Kukishika hakuhitaji elimu, kunahitaji bega. Na kwa kuwa pembeni ya kidonda walikuwa wamesimama watu wa maana, mimi nilikishika kwa kupitisha mkono chini ya mkono wa msaidizi. Nilikuwa nimeihama shingo, nimehamia kwapani.

"Vuta."

Nikavuta.

"Usivute."

Nikaacha.

"Nani amekwambia uachie? Vuta, lakini usivute sana."

Katikati ya hayo pua ikaanza kuwasha. Mikono yako ikishakuwa safi ya thieta, pua yako si mali yako tena. Hukuni, husugui kwa bega, hupumui kwa nguvu. Muwasho ulianzia nchani, ukapanda, ukakaa kati ya macho, ukapiga kambi. Nikamnong'oneza sista anayezunguka nje ya eneo la kijani: "Sista, naomba unikune pua." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, uuguzi nimeusomea miaka mitatu." Akaenda zake kuhesabu shashi.

Na shashi ndizo zilizotumaliza. Huwezi kufunga tumbo la mtu mpaka hesabu ya shashi zilizotoka mezani ilingane na zilizorudi. Kila shashi ina uzi maalumu ndani yake unaoonekana kwenye eksirei, kwa sababu ikibaki tumboni ni balaa. Sista alitoa 20. Zilirudi 19. Akahesabu tena kwa sauti: 19. Bingwa akaweka vyuma chini. Mashine ikaendelea kulia pii, pii, na macho yote, bila mkutano wala kura, yakanigeukia mimi. Nilikaguliwa gauni, nikakaguliwa gambuti, nikaulizwa nilikuwa nimesimama wapi, mimi ambaye mkono wangu ulikuwa umefungwa kwapani mwa mtu tangu mwanzo. Wakatafuta kwenye ndoo, wakatafuta chini ya meza, wakarudi tumboni kupekua upya. Mwishowe bingwa alipoinua mguu kupumzisha goti, shashi ilikuwa imenata chini ya gambuti yake.

"Haya, 20," sista akasema. Tukafunga. Mimi sikuombwa radhi na mtu, wala sikuulizwa tena kuhusu pua.

Asubuhi nikamfuata bingwa chumba cha chai anisainie kitabu cha fildi. Safu yenyewe imeandikwa "ameshuhudia". Aliuliza, "Uliona?" Nikamwambia nilivuta. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akasaini, akasema hata yeye enzi zake alijua mgongo wa mwalimu wake kuliko uso. Nilitegemea aongeze kwamba atarekebisha jambo. Aliongeza sukari.

Wala si kwamba dunia haijui dawa ya kutoona. Pale London kuna thieta ya zamani ya hospitali ya St Thomas', ilifunguliwa mwaka 1822 kwenye dari ya kanisa, na leo ni makumbusho. Wanafunzi walijengewa ngazi za mbao kuizunguka meza, safu juu ya safu, ili wa nyuma amwone wa kwenye meza bila kumpumulia wa mbele shingoni. Kila kingine kilikuwa kibaya. Dawa ya usingizi haikuwepo, maana etha ilioneshwa Boston mwaka 1846. Glavu hazikuwepo, mikono haikuoshwa, na sifa ya daktari ilikuwa mbio: Robert Liston alisifika kwa kukata mguu wa mtu kwa dakika zisizofika tatu. Mgonjwa alipiga kelele, vumbi la mbao lilimwagwa sakafuni linyonye damu. Lakini mwanafunzi alikuwa na ngazi! Sisi tuna nduguze etha walioboreshwa, tuna orodha ya Ifakara, tuna mashine inayolia pii, na mtu wa futi tano na inchi mbili anasimama sakafuni.

Thieta yetu ilikuwa na stuli moja ya kukanyagia. Ni ya sista. Imeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu, na siku akiwa likizo hufungiwa kabatini.

Kwa hiyo naleta ombi, na nalileta kwa wote wenye uwezo. Wahisani mnaokuja kukabidhi mashuka na kupiga picha, waheshimiwa mnaozindua majengo, mafundi seremala wa Keko: stuli ya mbao, ngazi mbili, isiyoteleza, iwezayo kufutwa kwa dawa. Hatuombi kamera wala televisheni ya ukutani, ingawa mkileta hatutazirudisha. Na kamba za suruali, tafadhali.

Nawe msomaji, siku ukilazwa ukaulizwa kama wanafunzi wanaweza kuingia kuangalia upasuaji wako, una haki ya kukataa na hakuna wa kukulaumu. Lakini kama kinachokuzuia ni aibu, nakuomba ukubali. Hatutaona kitu.